Shughuli za umma katika majumba ya sanaa: ratiba ya kila wiki au tamasha la mwaka?

#1 FremuTupu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila inapokaribia tarehe 18 Mei, Siku ya Makumbusho Duniani, hurudi lawama ileile, kwamba watu wetu hawana utamaduni wa kwenda makumbusho. Sikubaliani nayo. Mtu anayesimama nusu saa pale Mwenge, Dar es Salaam, akimtazama fundi akichonga mpingo, bila nia ya kununua chochote, tayari ana jicho la kutazama sanaa. Anachokosa ni sababu ya kuingia katika jengo ambalo mara ya mwisho kumwalika ilikuwa mwaka jana. Taasisi zetu nyingi huandaa siku moja kubwa kwa mwaka, yenye turubai, vipaza sauti, fulana, risala na mgeni rasmi anayefika saa mbili baada ya muda uliotangazwa, na kesho yake ukumbi hubaki na mlinzi na feni. Hoja yangu ni kwamba shughuli za umma za jumba la sanaa hupata nguvu kwa kurudiwa, saa ileile, kwa bei isiyomuumiza mtu. Na kwamba shughuli iliyofanikiwa ni ile inayomfikisha mgeni mbele ya kazi yenyewe ya sanaa na kumwacha hapo kwa muda wa kutosha.

Mfano ninaoutumia ni wa London, na nimeuchagua kwa sababu jumba lenyewe wakati huo halikuwa na picha.

National Gallery, jumba la picha la taifa la Uingereza, ilianzishwa mwaka 1824, Serikali ya Uingereza iliponunua picha 38 za mfanyabiashara John Julius Angerstein kwa pauni 57,000. Jengo lake katika uwanja wa Trafalgar lilifunguliwa mwaka 1838, mahali palipopendekezwa kwa sababu tajiri wa magharibi mwa jiji angefika kwa gari lake la farasi na maskini wa mashariki angefika kwa miguu. Mwishoni mwa Agosti 1939, vita ikinukia, picha zilifungwa na kusafirishwa kwenda Wales, na kazi hiyo ilikamilika tarehe 2 Septemba, siku moja kabla ya Uingereza kutangaza vita dhidi ya Ujerumani. Baadaye zikahifadhiwa ndani ya mgodi wa mawe ya kuezekea huko Manod, chini ya mlima. Trafalgar zilibaki kuta.

Kwa kuhofia mabomu, Serikali ilikuwa pia imefunga kumbi za sinema, tamthilia na muziki, na usiku jiji lilikuwa giza kwa amri. Mpiga piano Myra Hess, aliyekuwa ameahirisha ziara yake ya Marekani ili abaki nyumbani, alimwendea mkurugenzi wa jumba hilo, Kenneth Clark, na kumwomba aruhusu muziki upigwe katika kumbi tupu. Clark alimjibu kwamba afadhali uwe wa kila siku. Tamasha la kwanza lilifanyika Jumanne, tarehe 10 Oktoba 1939, saa saba mchana, na Hess mwenyewe ndiye aliyepiga. Waandaaji walitarajia watu wachache, lakini walifika wapatao elfu moja, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa ofisi waliotoka kwa mapumziko ya chakula.

Naomba tuukague mpango wenyewe, maana ndani yake ndimo yalimo mafunzo. Kiingilio kilikuwa shilingi moja ya Kiingereza. Muziki ulipigwa Jumatatu hadi Ijumaa, saa ambayo mtu wa ofisini ana nafasi na ambayo bado kuna mwanga wa kurudi kazini. Wanamuziki walilipwa ujira uliolingana, mashuhuri na wasiojulikana, na Hess mwenyewe hakudai malipo. Kulikuwa na kantini ya watu waliojitolea, iliyouza sandwichi za asali na zabibu kavu ambazo zilipata sifa zake zenyewe, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuchagua kati ya muziki na chakula cha mchana. Na miongoni mwa vilivyopigwa vilikuwamo vipande vya watunzi Bach, Beethoven na Brahms, wote Wajerumani, katika jiji lililokuwa likisubiri ndege za Ujerumani. Hakuna aliyesimama kutoa hotuba ya kulieleza jambo hilo, na nadhani lilieleweka vizuri zaidi kwa kutoelezwa.

Mabomu yalipoanza kuanguka mwaka 1940, na jumba lenyewe likapigwa, matamasha yalihamia vyumba vya chini. Siku moja bomu lililokuwa halijalipuka lilikutwa ndani ya jengo, wasikilizaji wakahamishiwa chumba cha upande wa mbali, na bomu likalipuka wakati kundi la wapigaji wanne wa ala za nyuzi likiwa katikati ya kipande cha Beethoven. Waliendelea kupiga. Ratiba hiyo ilidumu hadi tarehe 10 Aprili 1946, matamasha 1,698 kwa jumla, yakiwa yamehudhuriwa na watu zaidi ya laki saba na nusu.

Sasa mtasema huo ulikuwa muziki, na mada ni sanaa ya kuchora. Sehemu ninayoipenda zaidi inakuja hapa. Mwaka 1941 jumba lilinunua picha iliyochorwa na Rembrandt, ya bibi mmoja Mholanzi, Margaretha de Geer, aliyechorwa kama mwaka 1661: bibi kizee aliyevaa ukosi mkubwa mweupe wa mviringo ambao vijana wa wakati wake walikwisha kuuacha. Januari 1942 barua ya msomaji katika gazeti la The Times iliomba umma uruhusiwe kuiona, kwa sababu jiji lililojaa makovu lilihitaji kutazama vitu vizuri. Picha ikaonyeshwa, watu wakaja, na kutokana na hapo jumba likaanzisha utaratibu wa kuleta picha moja tu kila mwezi kutoka mgodini Wales, ikatundikwa peke yake mchana na kushushwa stoo ya chini usiku. Ya kwanza ilikuwa ya mchoraji Titian, ile ambayo Maria Magdalena amepiga magoti akinyoosha mkono, na Yesu mfufuka, mwenye jembe la mtunza bustani mkononi, anajipinda na kulivuta vazi lake jeupe asiguswe.

Jumba lenye mamia ya picha lilijifunza kuonyesha moja. Mtu aliyekuja kusikiliza piano alipita mbele ya hiyo moja, mwezi mzima, siku baada ya siku, mpaka akaijua. Je, kwetu hilo linawezekana? Karibuni.

#2 NjiaYaNgong

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa uzi uliotulia. Naandika kutoka Nairobi na nina mambo mawili.

La kwanza ni la historia. Huku kwetu shughuli zilitangulia makusanyo, jambo ambalo ni kinyume cha Ulaya. Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Kilimanjaro, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, na kwa miaka mingi yeye na mkewe Philda walikiendesha kituo hicho kama mahali pa maonyesho, mashairi, michezo ya kuigiza na mafunzo ya watoto katika uwanja mmoja. Mgeni alikwenda kusikiliza shairi akajikuta amekaa chini ya mchoro. Moto ulikiteketeza kituo mwaka 1997 na kuangamiza kazi nyingi, lakini shughuli hazikukoma. Kwa hiyo nisingependa tuamini kwamba wazo la kuwakutanisha watu na sanaa kwa njia ya matukio ya kila mara ni la kuazima. Sisi tulikuwa nalo, tatizo likiwa kwamba liliegemea mabega ya watu wachache na halikupata bajeti ya kudumu.

La pili ni la mahali. Nairobi Gallery ipo katika jengo la mwaka 1913, lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, katikati kabisa ya jiji, na ndani yake mna sehemu ya makusanyo ya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966 na ambaye maisha yake yote alikusanya vitabu, stempu, vitambaa na kazi za wasanii wa bara hili. Kila siku maelfu ya watu hupita nje ya jengo lile wakikimbilia matatu. Ukiwauliza, wengi watakwambia ni ofisi ya Serikali. Nadhani mfano wako wa saa saba mchana ungefaa pale kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki, kwa sababu wafanyakazi wa ofisi wako umbali wa dakika tano kwa miguu.

Swali langu: shilingi moja ile ilitosha kulipia gharama, au kulikuwa na mfuko nyuma ya pazia? Maana tukianza kusifu bei ndogo bila kusema nani analipa, tutakuwa tunaota.

#3 MbaliNaPwani

Habari za mchana, wakuu. Swali la ndugu wa #2 ndilo lililonifanya niingie, kwa kuwa naishi Michigan na jumba la sanaa la hapa limelijibu swali la nani analipa kwa njia ambayo sijaiona kwingine.

Detroit Institute of Arts ilianza mwaka 1885, na jengo lake la sasa katika barabara ya Woodward lilifunguliwa mwaka 1927. Kwa miongo mingi lilitegemea fedha za jiji na za jimbo, zikapungua, likategemea wafadhili, nao wakachoka. Agosti 2012 waliamua kuwauliza wananchi wenyewe. Wapigakura wa kaunti tatu, Wayne, Oakland na Macomb, waliombwa kukubali kodi ya majengo ya senti 20 kwa kila dola 1,000 za thamani inayotozwa kodi, kwa miaka 10. Walikubali. Fedha hizo zilikuwa karibu dola milioni 23 kwa mwaka, na kwa upande wake jumba lilifuta kiingilio kwa wakazi wote wa kaunti hizo, likaahidi ziara za shule bila malipo pamoja na mabasi ya kuwachukua wanafunzi, na programu za wazee siku ya Alhamisi.

Mabasi hayo msiyapite haraka. Shule nyingi haziendi makumbusho kwa sababu ya nauli kuliko kwa sababu ya kiingilio, na hilo ni kweli Detroit kama ilivyo kweli Temeke.

Mwaka uliofuata, Julai 2013, jiji la Detroit lilitangaza kufilisika, na wadai wakayakodolea macho makusanyo ya jumba, kwa kuwa picha nyingi zilikuwa mali ya jiji. Thamani yake ikaanza kukadiriwa kama vile mtu anavyokadiria samani kabla ya mnada. Mwishowe mashirika ya hisani, Serikali ya jimbo na jumba lenyewe viliahidi zaidi ya dola milioni 800 kwa miaka 20 kwa ajili ya pensheni za watumishi wa jiji, na makusanyo yakakabidhiwa shirika lisilo la faida ili yasiweze kuuzwa kulipa madeni ya jiji. Siwezi kusema kwamba matamasha ya muziki ambayo jumba huandaa Ijumaa jioni ndiyo yaliyookoa picha. Lakini jumba ambalo mwaka mmoja kabla lilikuwa limepigiwa kura na watu wa kawaida halikuwa rahisi kuuzwa kimyakimya, na Machi 2020 wapigakura walewale walikubali kuiendeleza kodi kwa miaka mingine 10.

Kuhusu hoja ya mleta uzi kwamba tukio limwache mtu mbele ya kazi: muziki wa Ijumaa jioni hapa mara nyingi hupigwa ndani ya ua uliozungukwa na michoro ya ukutani ya Diego Rivera, mchoraji wa Meksiko, paneli 27 alizochora mwaka 1932 na 1933 baada ya kukitembelea kiwanda cha Ford cha River Rouge. Ukutani upande wa kaskazini wapo wafanyakazi wanaounda injini, miili imepinda, mikono imeshika vyuma, wanavuta kwa pamoja kama wavuvi wanaokokota jarife. Unakaa kwenye kiti, mpiga saksafoni yuko mbele yako, na juu ya kichwa chake kuna mtu anayevuta chuma. Nimewaona wazee waliofanya kazi viwandani wakinyanyuka katikati ya wimbo, wakaenda ukutani na kuwaonyesha wajukuu mashine waliyoifahamu kwa jina. Hapo hakuna aliyehitaji mwongoza wageni.

Lipo jambo jingine walilolianza mwaka 2010, nalo ni kutundika nakala za picha zao, kwa ukubwa wa zile halisi na zikiwa ndani ya fremu, nje mitaani: kwenye ukuta wa duka, bustanini, kando ya njia ya baiskeli. Mtu anakutana na mchoro wa karne zilizopita akiwa njiani kununua maziwa.

#4 KaziKwanza

Nimewasoma wote kwa heshima, ila naomba nitofautiane.

Mimi nina hofu na neno shughuli. Jumba la sanaa lina kazi yake: kukusanya, kutunza, kutafiti na kuonyesha. Tukianza kulipima kwa idadi ya watu waliohudhuria Ijumaa, mkurugenzi mwenye akili atanunua vipaza sauti na kuahirisha matengenezo ya paa linalovuja juu ya stoo. Brooklyn Museum, huko New York, ilianzisha Oktoba 1998 jioni ya Jumamosi ya kwanza ya mwezi bila kiingilio, yenye bendi na dansi, na watu hufurika. Swali langu ni rahisi: wangapi kati yao walitazama picha? Ngoma ikipigwa kwa sauti hiyo, picha hugeuka pambo la ukumbi wa harusi. Na kwetu, ambako hata kipimajoto cha stoo ni cha kuombea mfadhili, kila shilingi inayokwenda kwenye jukwaa inatoka mahali penye uhitaji zaidi.

Afadhali jumba lenye wageni kumi wanaotazama kuliko elfu wanaocheza.

#5 FremuTupu (mleta uzi)

Nianze na ndugu NjiaYaNgong. Shilingi ile ilibeba sehemu kubwa ya gharama, kwa sababu gharama zenyewe zilikuwa ndogo: jengo lilikuwapo, ujira uliolingana kwa wapigaji, na watu wa kujitolea kantini. Hapakuwa na turubai. Natamani tuhesabu ni fedha kiasi gani huishia kwenye mahema, mabango na posho za itifaki katika siku moja ya tamasha, kisha tuigawe kwa wiki 50.

Ndugu KaziKwanza, hoja yako ya paa ni nzito na naikubali: paa kwanza. Lakini sidhani kwamba Brooklyn ni mfano mbaya kiasi hicho. Jumba lile lipo Eastern Parkway, katikati ya vitongoji vya Wamarekani weusi na watu wa Karibiani, ambao kwa muda mrefu walipita nje yake wakienda kwenye shughuli zao. Jioni hizo kumbi za maonyesho hubaki wazi, na mtu anayetoka jasho kwenye dansi hupita humo kupoa. Wapo wasiotazama chochote, hilo ni kweli, lakini walioingia kwa dansi wamekwisha kujua mlango uko wapi na kwamba mlinzi hawafukuzi, na hofu ya mlango ndiyo kizuizi kikubwa kuliko vyote. Pale Kijitonyama tuna kituo cha daladala kinachoitwa Makumbusho. Kondakta analitangaza jina hilo kutwa nzima, abiria wanashuka kwa mamia, na wengi wao hawajawahi kukanyaga Kijiji cha Makumbusho kilichokipa kituo jina.

Hata hivyo nakubaliana nawe kwamba wingi wa watu si kipimo. Ndiyo maana moyo wangu uko zaidi kwenye picha moja ya mwezi kuliko kwenye bendi.

#6 MwongozaWageni

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Ninafanya kazi ya kuongoza wageni katika taasisi moja ambayo sitaitaja, na naona mjadala umefika mahali ninapopafahamu. Niwaeleze yanavyokuwa. Wanafunzi 80 hushushwa kwenye basi saa nne, walimu wawili, nami niko peke yangu. Nina dakika 40 kwa sababu basi linakwenda pia ufukweni. Tunapita vyumba vyote mwendo wa jeshi. Nikisema nao kwa maneno yaleyale niliyokariri, wanaandika tarehe kwenye daftari bila kuinua macho. Wakiondoka, mwalimu ananishukuru, nami najua hakuna walichokiona. Mwaka mmoja, katika siku ya sherehe, watoto waliwekwa juani kusubiri mgeni rasmi hadi ukumbi ukafungwa kabla hawajaingia; walirudi shuleni wakiwa na kofia za bure.

Kwa hiyo nilianza jambo dogo kwa makundi ambayo walimu wake wanakubali. Tunakaa sakafuni kuzunguka kinyago kimoja cha Kimakonde, cha aina ile ya watu waliopandana kutoka chini hadi juu katika gogo moja la mpingo. Kwa dakika kumi za kwanza sisemi kitu isipokuwa maswali. Kwanza huhesabu vichwa, nao hawakubaliani kamwe, kwa sababu wengine wamefichwa nyuma ya mgongo wa mwingine. Kisha mmoja hugundua kwamba hakuna mtu anayeelea: kila mguu umekanyaga bega la mtu, kila mkono umeshika kitu. Mwingine huona sehemu ya chini iliyoachwa na rangi ya manjano, na hapo naeleza kwamba mpingo ni mweusi moyoni tu, na kwamba mchongaji aliuacha ule mti wa nje kwa makusudi ili tuone unene wa gogo alioanza nao. Baada ya hapo ndipo nawaambia habari za Roberto Yakobo Sangwani, mchongaji aliyetoka Msumbiji na kuhamia Tanganyika miaka ya 1950, ambaye ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo huu. Kwamba mwanzoni ulimwonyesha mshindi wa mieleka akibebwa juu na wenzake, na kwamba jina la ujamaa lilikuja baadaye, siasa ya nchi ilipokipa kinyago hicho maana mpya. Wanafunzi huanza kubishana nani hasa anabebwa, na kama waliomo chini wanafurahi. Saa moja huisha.

Wakuu, ugumu wake ni huu. Kazi ya namna hiyo haionekani kwenye ripoti. Wageni 80 waliopita vyumba kumi huandikwa kama mafanikio. 15 waliokaa na kinyago kimoja huleta maswali kutoka juu. Vilevile shughuli za jioni zinahitaji mlinzi wa ziada, umeme na usafiri wa watumishi wanaokaa mbali, na yote hayo huangukia kwetu bila posho. Wanaopanga ratiba wakae na wafagiaji na walinzi kabla hawajachapisha tangazo.

#7 MamaWawili

Dada au kaka MwongozaWageni, Mungu akubariki kwa kazi hiyo.

Ninauliza kuhusu wale ambao hawatajwi kabisa. Mama yangu ana ugonjwa wa kusahau. Hatuendi naye popote, kwa kuogopa macho ya watu. Je, kuna jumba la sanaa popote lililowahi kumfikiria mtu kama yeye?

#8 MbaliNaPwani

Pole sana dada kwa kuuguza. Lipo. Jumba la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, lilianzisha mwaka 2006 programu maalumu kwa watu wenye ugonjwa huo pamoja na wanaowatunza. Kundi huwa dogo, hutazama kazi chache tu kwa ziara moja, huku wakiwa wameketi, na mwongozaji huuliza maswali yasiyohitaji kumbukumbu: unaona nini, mtu huyu anaonekana kuwa na hali gani, ungependa kukaa upande gani wa picha hii. Hakuna anayeulizwa jina la mchoraji wala tarehe. Anayemtunza mgonjwa naye huhesabiwa kuwa mgeni, na kwa saa nzima hana haja ya kumwombea radhi mtu yeyote. Majumba mengi ya nchi nyingine yaliiga.

Utaona kwamba haitofautiani sana na kukaa sakafuni kuzunguka kinyago, isipokuwa kwamba hapa panahitajika viti.

#9 KaziKwanza

Nimeyasoma ya #6 na #8. Shughuli za aina hiyo sina ugomvi nazo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya kuonyesha niliyoitaja, ikifanywa inavyotakiwa. Ugomvi wangu unabaki na vipaza sauti.

Ila niulize: mleta uzi anataka nini hasa kifanyike? Asitupe London na kutuacha hapo.

#10 FremuTupu (mleta uzi)

Ni haki yako kuuliza, mkuu. Nitataja jengo moja ninalolifahamu, ingawa wa Nairobi wanaweza kulibadilisha na la kwao. Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni, Dar es Salaam, yapo mtaa wa Shaaban Robert. Bustani ya mimea iko jirani, Chuo cha Usimamizi wa Fedha kiko mtaa huohuo, na benki na ofisi za Posta haziko mbali. Wizara nyingi zimehamia Dodoma, najua, lakini saa saba mchana mitaa ile bado imejaa watu wanaotafuta kivuli na sahani ya wali.

Ningependa siku moja ya wiki, tuseme Alhamisi, saa saba na robo hadi saa nane kasoro robo. Kazi moja itolewe na kuwekwa mahali penye mwanga mzuri, na ikae hapo mwezi mzima, ili aliyeikosa wiki ya kwanza aikute wiki ya tatu. Nusu saa hiyo MwongozaWageni au mwenzake aulize maswali yake. Wiki moja kati ya nne aje mtu wa fani nyingine: fundi wa Mwenge aeleze patasi ilipita wapi, mwimbaji wa taarabu aimbe mbele ya mchoro bila kipaza sauti, daktari wa mifupa atueleze kwa nini mguu ule wa kinyago hauwezi kupinda hivyo. Mama lishe wawili wakaribishwe uani kwa bei yao ya kawaida. Kiingilio cha saa hiyo kisizidi nauli ya daladala. Viti 20 vyenye egemeo, na 5 kati yake viachwe kwa wazee na wanaowaleta. Dada MamaWawili, hivyo ningeanza navyo kabla ya kingine chochote. Mlinzi na mfagiaji wa saa hiyo walipwe, na fedha ya kuwalipa itoke kwenye lile turubai.

Kwenye ripoti iandikwe dakika ambazo mtu alikaa mbele ya kazi moja, pamoja na idadi ya waliorudi wiki iliyofuata.

#11 MwongozaWageni

Wazo la dakika nimelipenda, nitalijaribu na daftari la mlangoni. Kwa mwezi wa kwanza ningeshauri tuanze na kinyago badala ya mchoro, kwa sababu mwanga wa saa saba katika vyumba vyetu vingi hupiga moja kwa moja kwenye kioo cha fremu na mtu huishia kuutazama uso wake.